Kompyuta ya gemu kwa milioni 3.8, Kampala: naomba mnikagulie orodha kabla sijalipa

Mkaazi_Kyanja

Wakubwa, salaam. Nataka kuunda kompyuta ya gemu, na bajeti ni shilingi milioni 3.8. Skrini ipo tayari, ya 1080p na Hz 75, kibodi na kipanya pia vipo, kwa hiyo hela yote inaingia kwenye mashine yenyewe na kinga ya umeme. Gemu ni EA Sports FC, Warzone na GTA V. Kuna pia kazi ya kuhariri video kwenye DaVinci Resolve, nyingi za 1080p, mara mojamoja 4K. Umeme wa mtaani ni ule mnaoujua: unakatika na kurudi bila hodi, na kuanzia saa moja jioni taa zinafifia.

Orodha ni hii, na kiasi nilichotenga kwa kila kifaa baada ya kuulizia madukani mjini:

Prosesa Ryzen 5 5600G: 520,000
Madabodi A520M: 330,000
RAM GB 16 DDR4-3200, kijiti kimoja: 330,000
Kadi ya michoro RTX 4060 GB 8, mpya: 1,450,000
SSD ya NVMe TB 1: 370,000
Kesi inayokuja na pawa saplai ya "wati 600" ndani: 260,000
UPS (betri ya akiba) ya VA 650: 220,000

Jumla 3,480,000, inabaki 320,000. 5600G niliichagua kwa sababu ina grafiki ya ndani, kadi ikiharibika bado kompyuta inawaka. Je, napoteza nini kwa uamuzi huo? Pawa hiyo itatosha, maana RTX 4060 inasemekana inakula wati 115 tu? Kuna muuzaji ana RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika, anataka 950,000. Niiangalie au niachane nayo? Na je, niache AM4 (soketi ya prosesa hii) niingie AM5 (ile mpya zaidi) moja kwa moja?

Spea_Safi

Kaka, vifaa vyako kimojakimoja si vibaya, ila prosesa, madabodi na kadi havipatani.

RTX 4060 ina njia 8 za PCIe (njia za data kati ya kadi na madabodi), si 16. Kwenye PCIe 4.0 njia 8 zinapitisha karibu GB 16 kwa sekunde, na hizo zinatosha. Lakini 5600G inaishia PCIe 3.0, na A520 nayo ni hivyohivyo, kwa hiyo utabaki na karibu GB 8 kwa sekunde. Maadamu data ya gemu inaenea ndani ya GB 8 za kadi, hutaona tofauti kubwa. Ukipandisha tekscha za Warzone hadi juu kabisa, kumbukumbu ya kadi ikajaa, data inaanza kwenda na kurudi kwenye RAM kupitia njia ile nyembamba na picha inakwamakwama. Ukipima wastani wa fremu unaweza kuuona mzuri, lakini mkononi utahisi mikwamo, na kwenye gemu ya risasi mkwamo mmoja unatosha kukuua.

Jambo jingine ni kashe, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. 5600G ina MB 16 za kashe ya L3, Ryzen 5 5600 ya kawaida ina MB 32. Zote zina viini 6 na nyuzi 12, zote ni wati 65, lakini gemu zinaipenda sana kashe, na hapo 5600 inaipita 5600G waziwazi. Chukua 5600 na madabodi ya B550M. Utapata PCIe 4.0 kwa kadi na kwa SSD ya kwanza, na kwa kawaida sehemu ya kusambazia umeme wa prosesa imejengwa vizuri kuliko kwenye A520 za bei ya chini. Jihadhari na Ryzen 5 5500: jina linafanana, bei inavutia, ila ni MB 16 na PCIe 3.0 kama 5600G, na grafiki ya ndani haina.

Kama grafiki ya ndani unaitaka kweli, usiitafute kwenye 5600G. Itafute kwenye Core i5-12400 isiyo na herufi F mwishoni. Nayo ina viini 6 na nyuzi 12, na kwenye madabodi ya H610 au B660 ya DDR4 kadi yako itapata PCIe 4.0 kamili. 12400F ndiyo ile ile bila grafiki. Soma herufi kwenye boksi na kwenye chuma cha prosesa yenyewe, kwa sababu madukani hizi mbili huchanganywa.

RAM: usinunue kijiti kimoja. Nunua viwili vya GB 8 vinavyofanana. Prosesa ina chaneli mbili za kumbukumbu, na kijiti kimoja kinaiacha moja ikae bure. Fremu za chini kabisa, zile zinazoonekana pale watu wengi wanapojazana kwenye skrini, ndizo zinazoporomoka kwanza. Viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) uwashe XMP (inayoipa RAM kasi yake iliyotangazwa). Usipoiwasha, vijiti vingi vya 3200 vitakimbia kwa 2133 au 2400 na hakuna atakayekuambia.

Bei za RAM zilipanda sana kuanzia mwisho wa 2025 kwa sababu viwanda vinazielekeza chipu kwenye seva za akili bandia. Usitumie bei uliyoiona kwenye tangazo la zamani kupanga bajeti yako.

FundiUmeme_Jinja

Nitajibu upande wa umeme tu, kwa kuwa hapo ndipo orodha hii ina hatari kubwa zaidi.

Usiinunue hiyo kesi yenye pawa ndani. "Wati 600" iliyoandikwa kwenye kartoni haikuambii chochote. Geuza pawa yenyewe, soma jedwali la kwenye kibandiko, tafuta safu ya +12V. Prosesa na kadi ya michoro vyote vinakula kwenye 12V. Ukikuta 18A, zidisha: 18 mara 12 ni wati 216. Hizo ndizo wati unazopata kwa kazi ya gemu. Nyingine ni za 3.3V na 5V, ambazo kompyuta ya leo inazihitaji kidogo sana. Kibandiko kisichoonyesha ampea kabisa, usilipe.

Hesabu yako iko hivi. Kadi ya RTX 4060 ni wati 115, au 3060 wati 170 ukichukua ile. Ryzen 5 5600 inaruhusiwa kufika wati 76 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Madabodi, RAM, SSD na feni, weka 40 hadi 50. Kwa 3060 tunakaribia wati 300. Lakini kadi za siku hizi haziombi umeme kwa utulivu: kwa milisekunde chache zinaruka juu ya kiwango chake cha kawaida, na pawa dhaifu inazima papo hapo au inashusha volteji mpaka mashine inajiwasha upya katikati ya mechi. Nunua ya wati 550 yenye cheti cha 80 Plus Bronze (cha ufanisi wa umeme), ampea 40 au zaidi kwenye +12V, na ulinzi ulioandikwa: volteji kupita kiasi, mkondo kupita kiasi, shoti. Pawa isiyo na ulinzi huo ikifa inaweza kupitisha volteji isiyofaa hadi kwenye madabodi na SSD, na wewe utakuwa umeokoa laki moja ili upoteze milioni mbili.

Mambo mengine mawili ya kwenye kibandiko. Pawa za bei ya chini zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Kwetu ni 240V. Ikiwa imekaa kwenye 115 ukaichomeka ukutani, utasikia mlio na harufu, na pawa imekwisha. Zile nzuri hazina swichi hiyo, zinapokea 100 hadi 240V zenyewe. Hata hivyo baadhi ya pawa za chapa nzuri hutengenezwa kwa masoko fulani na kuandikwa 200-240V tu. Wewe unayesema taa zinafifia jioni, volteji yako huenda inashuka hadi 180 au chini ya hapo, kwa hiyo hiyo ya 200-240V itakuzimikia kila siku saa mbili usiku. Tafuta iliyoandikwa 100-240V.

UPS ya VA 650 ni ndogo. Nyingi za ukubwa huo zinabeba wati 360 hadi 390, na mashine yako pamoja na skrini itavuta karibu wati 375 kutoka ukutani ukiwa ndani ya gemu. Umeme ukikatika wakati huo UPS italia mara moja kisha izime, na hapo haijakusaidia kitu. Chukua ya VA 1200, yenye wati 650 hadi 720, ya aina inayorekebisha volteji yenyewe bila kugusa betri. Marekebisho hayo ndiyo yatakayokuvusha jioni za taa kufifia, kwa sababu UPS isiyo nayo inakimbilia betri kila volteji inaposhuka na betri inakufa mapema. Yenye betri mbili za 12V 7Ah itakupa kama dakika kumi ukicheza. Zitumie kuhifadhi kazi na kuzima, usizitumie kumalizia mechi. Panga kubadilisha betri kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Ijaribu kabla hujaiamini. UPS nyingi za bei ya kati zinatoa umeme wa ngazingazi kwenye betri, si wimbi laini, na pawa zenye urekebishaji hai wa kipeo cha nguvu (active PFC) wakati mwingine zinaukataa na kuzima. Washa gemu nzito, kisha zima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi, maana ukichomoa unakata na waya wa ardhi pia. Kompyuta ikiendelea kwa dakika mbili, ziko sawa. Ikizima papo hapo, rudisha UPS, na kwenye hilo elewana na duka kabla ya kulipa.

Mbele ya UPS, yaani kati ya ukuta na UPS, weka kinga ya volteji inayokata ikiwa juu au chini mno na kusubiri kabla ya kurudisha. Umeme unaporudi baada ya kukatika, mafriji na pampu za mtaa mzima huamka pamoja na volteji inayumba kwa muda. Kusubiri huko dakika moja au mbili ndiko kunakookoa vifaa.

Halafu ardhi. Ukigusa kesi ukahisi mtetemo mdogo kwenye vidole, soketi yako haina ardhi inayofanya kazi. Kipima soketi chenye taa tatu kinakuonyesha kwa sekunde moja. Mwite fundi arekebishe kabla hujachomeka kitu cha milioni tatu. Fungua na plagi uangalie fyuzi: kuna watu wanaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ili "isisumbue". Radi kwetu kando ya ziwa ni nyingi mno. Mvua ikianza kunguruma, zima, chomoa plagi, na chomoa pia kebo ya mtandao inayotoka kwenye antena ya juu ya paa. Radi huweza kuingilia kwenye kebo hiyo na kuua madabodi huku pawa ikiwa salama kabisa.

Bukoto_AM5

Sikubaliani kabisa na kumfungia mtu kwenye AM4. Ni soketi iliyofika mwisho. Ryzen 5 7600 ina grafiki ndogo ya ndani, jambo ambalo mwenye mada analitaka, ina DDR5, na AMD wameahidi kuihudumia AM5 hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo miaka mitatu baadaye unabadilisha prosesa tu. Boksi lake linakuja na feni pia. Anayenunua AM4 leo, akitaka kupanda atabadilisha madabodi, RAM na prosesa kwa pamoja.

Spea_Safi

Hoja ya kupanda baadaye ni ya kweli, Bukoto, na kwa mtu mwenye milioni 5 ningekuunga mkono bila kusita. Lakini weka bei hapa: madabodi ya B650, DDR5 mbili za GB 16, na 7600 yenyewe. Kwa bei za RAM zilivyo sasa, tofauti hiyo italazimika kutoka kwenye kadi ya michoro au kwenye pawa na UPS. Kwenye skrini ya Hz 75, prosesa ya 5600 inafikisha fremu 75 kwenye EA FC, GTA V na Warzone bila shida. Kinachomzuia hapo ni kadi. Kumpunguzia kadi ili apate soketi mpya ni kumnunulia kesho kwa kuharibu leo.

AM4 bado ina hatua moja ya kupanda: 5700X3D, yenye kashe ya MB 96, ukiipata iliyotumika katika hali nzuri.

Dada_wa_Grafiki

Nijibu la kadi iliyotumika, kwa sababu 950,000 kwa RTX 3060 ya GB 12 inastahili kuangaliwa, mradi ni yenyewe.

Kwanza kwa nini inakufaa. RTX 4060 inaipita 3060 kwa asilimia 15 hadi 20 hivi kwenye gemu za 1080p, na inakula umeme kidogo. Lakini wewe una skrini ya Hz 75 na unahariri kwenye DaVinci Resolve, programu inayojaza kumbukumbu ya kadi haraka ukigusa 4K na kupunguza kelele za picha. Hapo GB 12 zinakufaa kuliko GB 8. Isitoshe 3060 ni ya njia 16, kwa hiyo lile suala la PCIe halipo. Kama hutahariri, ningesema kachukue 4060 mpya yenye dhamana.

Sasa kuikagua. Usikutane na muuzaji kwenye kituo cha boda ukapewa kadi ndani ya mfuko. Nenda inapoweza kuwashwa, au mlete mahali penye mashine yenye pawa nzuri. Ukiwa na flashi yenye GPU-Z (inayoonyesha sifa za kadi), HWiNFO (inayosoma joto) na FurMark (inayoikamua kadi), fungua GPU-Z kwanza usome: viini 3584, basi ya kumbukumbu ya biti 192, GB 12 za GDDR6. Ukiona biti 128 na GB 8, hiyo ni 3060 ndogo, ipo kweli, na ni dhaifu zaidi. Ukiona viini 3840 na GB 6, ni chipu ya laptopu iliyopandishwa kwenye bodi ya kompyuta ya mezani, na madereva yake yatakusumbua. Kadi bandia kabisa, zile za zamani zilizobadilishwa BIOS zijitaje kwa jina jipya, GPU-Z yenyewe huandika FAKE mbele ya jina. Dalili nyingine ya bandia ni tundu la VGA la buluu kwenye kadi inayojiita ya kizazi kipya.

Kisha FurMark dakika 15 hadi 20, macho kwenye HWiNFO. Joto likitulia kwenye nyuzi 65 hadi 78 ni zuri. Likipanda moja kwa moja hadi 83 na kasi ya kadi kuanza kushuka, mafuta ya joto yamekauka au feni imechoka. Hilo linatibika, kwa hiyo dai punguzo. Lisilotibika ni vidoti vya rangi, mistari, skrini kuzima na kurudi: hizo ni dalili za kumbukumbu au chipu kufa, ondoka. Zungusha kila feni kwa kidole mashine ikiwa imezimwa, usikie kama inakwaruza. Tazama skrubu za nyuma: zikiwa zimechubuka, kadi imefunguliwa, uliza ilifunguliwa kwa nini. Jaribu kila tundu la HDMI na DisplayPort, si moja tu.

Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu. Zilikuwa zikikaa kwenye joto moja muda wote, na kilichochakaa mara nyingi ni feni. Ninayoiogopa zaidi ni iliyokaa kwenye vumbi la murami bila kusafishwa na umeme usio na kinga.

Hata kwa kadi mpya, dai risiti ya EFRIS (ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, URA) iliyoandikwa namba ya utambulisho ya kadi hiyo hiyo, na muda wa dhamana uandikwe, usiambiwe kwa mdomo.

Mkaazi_Kyanja

Asanteni sana. Nimeipanga upya:

Ryzen 5 5600: 480,000
B550M: 430,000
RAM GB 8 mara 2: 350,000
RTX 3060 GB 12, ikipita ukaguzi wa Dada: 950,000
NVMe TB 1: 370,000
Pawa wati 550 Bronze, 100-240V: 290,000
Kesi ya wavu mbele, bila pawa: 180,000
UPS VA 1200: 380,000
Kinga ya volteji: 70,000

Hiyo ni 3,500,000. Laki tatu zilizobaki, nipandishe RAM hadi GB 16 mara 2, ambazo nimetajiwa 640,000? Nitafika 3,790,000. Na kuna la kuangalia wakati wa kuunganisha, hasa hizi BIOS za AM4 zinazosemwa?

Spea_Safi

RAM: kwa gemu ulizotaja GB 16 zinatosha. Kwa Resolve ya 4K, GB 32 ndiyo nafuu ya kweli. Kwa kuwa unasema 4K ni mara mojamoja, ningekaa na GB 16 na kuziweka zile laki tatu mpaka mashine imewaka na kukaa mwezi mzima bila tatizo. B550M nyingi zina nafasi nne za RAM, utaongeza baadaye. Ila hakikisha ni nne kweli, zipo zenye mbili tu, na ukipata hiyo basi nunua GB 32 sasa hivi.

SSD: kwa bei hiyo usilazimishe PCIe 4.0, ya 3.0 inayosoma karibu MB 3,500 kwa sekunde haina tofauti utakayoiona kwenye gemu. Chagua jina linalojulikana. Ukifika nyumbani ijaze kwa programu ya H2testw kabla ya kuweka chochote, maana zipo zinazojitangaza TB 1 huku ndani ni GB 128. Programu itazigundua.

Kuhusu BIOS, B550 za mwanzo zilitoka kabla ya Ryzen 5000. Tafuta kwenye boksi kibandiko kinachosema iko tayari kwa Ryzen 5000. Kisipokuwepo, chagua bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, au muuzaji akusasishie kabla hujatoka dukani. 5600 haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bodi ikikataa hutaona chochote kwenye skrini, ni taa ndogo ya CPU pembeni mwa bodi tu itakayobaki inawaka.

Unganisha prosesa, feni yake, RAM na SSD bodi ikiwa juu ya boksi lake, nje ya kesi. Prosesa za AM4 zina pini chini yake. Pembetatu ya dhahabu ikae juu ya pembetatu ya soketi, prosesa ishuke kwa uzito wake, usiibonyeze. Feni iliyokuja na 5600 inafungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo ng'oa kwanza zile fremu mbili za plastiki ambazo bodi ilikuja nazo, na ushike bamba la nyuma lisidondoke. Kaza kwa mkingamo, mizunguko michache kila upande. Siku ya kuitoa, washa mashine dakika kumi ipate moto, zima, kisha izungushe feni kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukiivuta ikiwa baridi inaweza kuondoka na prosesa imening'inia, na pini zikapinda.

Kwenye kesi, hesabu vinyanyuo vya shaba na uvilinganishe na matundu ya bodi. Kinyanyuo kimoja kilichokaa pasipo na tundu kinagusa mgongo wa bodi na kupiga shoti. Kebo ya prosesa ya pini 8 na ya kadi ya pini 8 zinafanana kwa mbali. Ya prosesa inagawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2. Usizilazimishe. Na kama pawa ina kebo zinazochomoka, tumia zilizokuja nayo tu. Upande wa pawa mpangilio wa waya unatofautiana kati ya chapa na chapa, na kebo ya kuazima inaweza kuunguza SSD sekunde ya kwanza.

HDMI ichomekwe kwenye kadi, si kwenye bodi. Usicheke, dada au kaka unayesoma baadaye: hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya "kompyuta mpya haitoi picha".

Dada_wa_Grafiki

Nyongeza ya feni na vumbi. Kesi ya wavu umechagua vizuri, ila hakikisha nyuma ya wavu kuna chujio linalotoka. Feni mbili za mm 120 mbele zikiingiza hewa na moja nyuma ikitoa. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi linakamatwa kwenye chujio badala ya kupenya kwenye nyufa. Osha chujio kila mwezi wakati wa kiangazi, na ukipuliza ndani zuia pangaboi za feni kwa kidole. Zikizungushwa na upepo wa blowa zinazalisha umeme unaorudi kwenye bodi, na beringi zake zinaharibika.

FundiUmeme_Jinja

Jambo la mwisho kabla hujaweka Windows 11, maana kulibadilisha baadaye ni kazi. Ingia BIOS, zima CSM (njia ya zamani ya kuwasha kompyuta), washa fTPM (moduli ya usalama), na wakati wa kusakinisha diski iwe ya mpangilio mpya wa GPT. Ukimaliza, washa Secure Boot (inayozuia programu zisizoidhinishwa wakati wa kuwaka). Gemu mpya za mtandaoni zinaangalia hayo kabla ya kukuruhusu uingie, Battlefield 6 ikiwa mojawapo, na mtu aliyesakinisha kwa mpangilio wa zamani wa MBR anaweza kujikuta anapakua upya gemu ya GB 100 kwa bando.

Kama XMP inaifanya mashine izime au itoe skrini ya buluu, shusha RAM kutoka 3200 hadi 3000 kisha uendeshe MemTest86 (programu ya kupima RAM) usiku mmoja, kijiti kimoja kwa wakati. Kijiti kinachotoa kosa hata moja kirudishwe dukani, na uvirudishe vyote viwili kwa sababu viliuzwa kama jozi.

Mkaazi_Kyanja

Nimeelewa. Muuzaji wa 3060 amekubali tuiwashe dukani kwake Jumamosi. Naenda na flashi yenye GPU-Z, HWiNFO na FurMark. Dada, dakika 20 za FurMark akizikataa?

Dada_wa_Grafiki

Akikataa kabisa, usinunue. Akisema FurMark inaogofya, kubali gemu yoyote nzito kwa nusu saa, bila kikomo cha fremu, HWiNFO ikiwa wazi pembeni. Utaona joto lile lile, likichelewa kidogo tu.